Mkate Umeliwa

Asubuhi Kutaisi huanza na moshi wa tanuri la Nanuli,
chini ya chumba changu, ngazi kumi na nne.
Kabla sijafungua barua pepe najua dunia ina joto.
Nikishazifungua, sina hakika.

Mhariri wa Berlini anasema: habari yako imetupendeza.
Hasemi: lini.
Mwezi wa nne huu tangu ichapishwe.
Jina langu, Lamara Tsomaia, limekaa pale juu limepigwa pasi,
limevaa kama mgeni wa harusini,
nami nahesabu sarafu za gesi mezani.

Niliacha ajira ya gazeti mwaka ule theluji ilipovunja paa la soko.
Sikuaga kwa kishindo. Nilichukua kinasa sauti
na daftari la namba za simu za watu
ambao hakuna aliyewahi kuwapigia mara ya pili.
Mama akauliza: sasa bosi wako nani?
Mimi.
Akavitazama viatu vyangu.
Basi una bosi maskini.

Mwaka wa kwanza bosi huyo alikubali kila kitu:
bei ya kutupa, usiku wa manane,
"hatulipi ila utajulikana".
Nikajulikana. Hata mwenye nyumba alinijua kwa hatua,
nikipita mlangoni pake kwa vidole.

Kisha Chiatura, mji wa manganizi,
ambako Mzia hufua shuka mara mbili
kwa kuwa vumbi jeusi huwahi kamba kabla ya jua.
Mhariri mmoja akataka: tupe anayelia.
Mzia hakulia. Alikuwa anakaanga bilinganya,
anacheka, ananiambia nishike ncha ya pili tukamue.
Nilikataa kumliza. Habari ikafa.
Aliyelia ni mimi, kwenye ngazi ya saba,
na hapo ndipo Nanuli aliponikuta na daftari lake la madeni.

Mikate tisa, akasema.
Hawajanilipa, nikasema.
Wamekula?
Wamechapisha.
Basi wamekula.

Akaketi. Magoti yake yalilia kuliko mimi.
"Dawa ya deni kulipa, ila mgonjwa hanywi dawa bila kukumbushwa.
Mimi sisimulii kodi, sisimulii magoti.
Nasema: mkate umeliwa. Kiasi gani. Lini.
Halafu nanyamaza.
Kunyamaza ndiko kugumu."

Usiku ule niliandikia Berlini mistari mitatu.
Neno "samahani" nililifuta mara nne;
lilirudi kama vumbi la Chiatura.
Siku ya nane, pesa.

Sikutajirika. Msije mkaniomba mkopo.
Lakini Jumanne sasa ni siku ya ankara, hata nikiwa na homa.
Kila lari tano, moja huingia kopo la chai:
nusu ya serikali, nusu ya Februari.
Mkataba nausoma kwa kalamu mkononi,
na palipoandikwa "haki zote, milele" nakata,
maana milele ni ndefu na malipo yenyewe ni ya wiki mbili.
Sauti ya shuka za Mzia zikikamuliwa
ilikwenda redioni Tbilisi; maneno yakaenda Oslo;
picha imebaki kwangu, bado inaninunulia kuni.
Alhamisi natafsiri vibandiko vya chupa za mvinyo.
Sioni haya. Mvinyo nao hulipa kwa wakati.

Nilimpelekea Mzia jarida.
Alitazama sura yake, akaisifu bilinganya,
akatandika kurasa kabatini, chini ya vikombe.
Na ile simu ya pili niliyompigia, bila shida wala habari,
ndiyo iliyonipa habari iliyofuata.

Leo theluji tena. Ankara ya kumi na saba haijalipwa.
Nimeandika mistari mitatu, nimenyamaza.
Nashuka ngazi, nalipa mikate tisa.
Nanuli anaikata kwa penseli, polepole, mmoja mmoja,
ananipa wa moto,
kisha analamba ncha ya penseli
na kuandika: Lamara, mmoja.